Mkungu wa Mpakani

Tabata, Dar es Salaam
6 Januari 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nilifika salama, ingawa njia nzima nilikaa karibu na mama mmoja aliyebeba kuku wawili kwenye kikapu. Mimi, niliyepanda Mwika na gari jekundu ambalo watoto walilikimbilia kama bibi harusi, nimerudi mjini nikidonolewa goti.

Nakuandikia kwa sababu ya masikio yako. Nikipiga simu unasema, "Eee, eee, asante," halafu unakata. Bora tuandikiane. Barua nitazituma kwa basi, Gladness atazichukua stendi ya Moshi akuletee. Dada yangu huyo amekubali, ila ananuna.

Sasa habari ya kioo. Kioo cha mbele cha gari lile hakipo Tanzania hii. Nimezunguka Kariakoo na Ilala mpaka wauza vioo wananicheka. Mmoja aliniuliza, "Bosi, hilo gari lenyewe lipo nchini?" Nimeagiza Dubai. Na tatizo si kioo tu. Mkungu ule wa ndizi ulipokiangukia uliikunja na fremu yake, na paa la kukunja linashika kwenye fremu hiyo hiyo, kwa hiyo haliwezi kufungika. Gari liko kichwa wazi, na mvua za kwetu nazijua. Nakuomba, lile turubai la kuanikia kahawa ulifunge juu yake kwa kamba, na kila upepo ukipita ulikaze.

Kuhusu Baba mdogo Elimringi sina la kuongeza. Mgomba ni wake, uko upande wake wa mpaka wa masale. Krismasi asubuhi tulikuwa wote kanisani, yeye akatoka katikati ya mahubiri akaacha tarumbeta lake kwenye benchi. Tuliporudi tulimkuta amesimama mbele ya gari langu, nguzo ya kuegemezea mgomba iko mkononi mwake, mkungu uko juu ya kioo. Nilimuuliza mbele ya ukoo mzima, "Umeing'oa wewe?" Akanyamaza. Mtu asiye na kosa hujitetea, baba. Najua hukupenda niliposema fungu lake la nyama lisitoke. Lakini nimekaa mjini miaka yote hiyo nikijibana, nije siku moja nyumbani kuhesabiwa na ukoo kama wenzangu, nami nionekane, halafu ndugu wa damu anifanyie kijicho?

Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwanao,
Hosea


Mwika
19 Januari 2025

Mwanangu Hosea,

Marahaba. Barua imefika. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na barua zetu zote zilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Yako imeanza na kuku. Nimecheka peke yangu mpaka Gladness akaja kuchungulia.

Gari lako lisilo na kofia halijambo. Turubai limefungwa, kamba zimekazwa, upepo wa juzi haukulisogeza. Wanaopita kwenda sokoni husimama wakauliza kama limekufa. Nawaambia limelala.

Lakini nina neno. Lile fungu la Elimringi lilikaa juu ya jani la mgomba mpaka jioni. Hakuna aliyethubutu kulila wala kumpelekea, nzi ndio waliosherehekea. Tangu tuzaliwe haijatokea mbuzi wa Krismasi akachinjwa hapa mdogo wangu akakosa fungu lake, hata mwaka ule tulipogombana juu ya mfereji tukawa hatusalimiani. Mgomba wenye mkungu mzito huanguka, Hosea. Upepo ulikuwa mkali. Si kila kilichoanguka kimesukumwa na mtu. Mpelekee salamu hata kwa barua, kisha uliache jambo hili.

Tangu siku ile haji kanisani. Tarumbeta lake la besi lipo kabatini pale usharikani. Wewe hili hulijui, lakini kwa masikio yangu haya, katika bendi nzima besi ya Elimringi ndiyo peke yake niliyokuwa naisikia, na wala siisikii masikioni, naisikia hapa kifuani. Sasa ibada kwangu ni watu wanaofungua midomo.

Kula vizuri.

Baba yako,
Aminieli


Tabata
17 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Kioo kimefika, na sicho. Wametuma cha gari la jina lile lile lakini la paa gumu. Nilikisimamisha sebuleni nikakipima, kimezidi kimo viganja viwili. Nimekaa nacho kinanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nimeagiza kingine Uingereza, kwa mtu anayekata magari yaliyopata ajali. Anasema atakitafuta, nisimharakishe.

Wakati tunasubiri, fundi Antoni wa Moshi mjini atapanda huko kukitoa kile kilichovunjika na kuinyoosha fremu. Nilipomtumia picha alisema yeye amezoea vioo vya Fuso na Coaster, na kwamba hiki si kioo, ni miwani. Mpe mtori ashibe, ila mbege asiione kabla hajamaliza kazi.

Asante kwa turubai. Gladness alinitumia picha, nikaona mafundo yale. Nilimwonyesha hadi jirani yangu, nikamwambia, "Tazama, mzee wangu ana umri huo na bado anafunga kamba namna hii."

Unasema niliache la Baba mdogo. Baba, umekuwa mpole mno kwa mdogo wako maisha yako yote, ndiyo maana anakupanda kichwani. Mimi nataka neno moja tu kutoka kwake. Aseme, "Hosea, nilipitiwa." Akisema hivyo nitamkumbatia na yataisha. Mpaka leo ameona ugumu gani?

Mwanao,
Hosea


Mwika
12 Machi 2025

Mwanangu,

Elimringi ameondoka. Amehamia Kahe kwa binti yake Veronika, kwenye mashamba ya mpunga. Hakuniaga. Aliacha ufunguo wa nyumba chini ya jiwe la mlangoni, pale tulipokuwa tunauficha tukiwa watoto. Wewe umezoea nyumba za kupanga, huwezi kujua ni nini mzee kukiacha kihamba cha ukoo alimozikwa baba yake na kushuka tambarare kwenye joto na mbu. Kanisani wanasema amekimbia aibu ya gari. Hilo neno "gari" wanalitamka wakinitazama, wanadhani kwa kuwa sisikii basi na sioni.

Juma lililofuata masika yakaanza. Upepo ulilibeba turubai ukalitupa kwenye mibuni, na gari lako likajaa maji hadi kwenye viti. Gladness alimkuta chura amekaa upande wa dereva.

Utauliza kwa nini sikulifunga. Hosea, sijawahi kulifunga hata siku moja. Mikono yangu hainyanyuki kupita kifua, wewe mwenyewe ulinivalisha koti Krismasi. Kila upepo ulipopita, asubuhi nililikuta limeshafungwa tena, na nilijua ni nani. Fundo lile ni la kufungia ng'ombe. Baba alitufundisha sisi wawili, likanishinda mimi, akaliweza yeye. Uliponisifia nikakaa kimya nikazipokea sifa. Kumbe hata uzeeni mtu hupenda kusifiwa na mwanawe.

Alikuja kulifunika gari la mtu aliyemnyima nyama. Sijui nisemeje zaidi.

Antoni amekuja akakitoa kioo, kipande kwa kipande, kwa upole kama anayembandua mgonjwa bandeji. Nyuma yake kulikuwa na kidude cheusi kimegandishwa. Anasema ni kamera. Gladness anakutumia pamoja na barua hii. Nimekiviringisha kwenye soksi yangu, ni safi.

Baba yako,
Aminieli


Tabata
27 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeifungua ile kamera. Nilikuwa nimeisahau kabisa, aliyeniuzia gari ndiye aliyeiweka. Gari likitembea inarekodi, na likisimama hujiwasha yenyewe kitu kikipita mbele yake. Nakuandikia nilichokiona, kwa sababu mengine hata ungekuwepo usingeyasikia, na ulikuwepo.

Mkesha wa Krismasi. Naingia njia ya nyumbani, paa wazi. Uko mbele yangu na kofia yako ya kanisani, unanielekeza kwa mikono kama askari wa barabarani. Nguzo ya mgomba wa Baba mdogo imetokeza njiani na gari langu ni pana, halipiti. Unaishika, unaitikisa, unaing'oa, unaitupa kwenye masale. Unacheka, baba. Sijakuona ukicheka hivyo tangu mama afariki.

Nyuma yako anatokea Baba mdogo. Anaita, "Kaka! Kaka, huo mkungu utaanguka!" Anaita tena na tena. Humsikii. Kisha ananigeukia mimi, anapunga mkono, anaonyesha juu kwenye mgomba. Na sauti inayomfunika ni yangu, niko kwenye simu namsimulia rafiki yangu jinsi kijiji kizima kilivyotoka kunipokea. Nikampungia na mimi. Nilidhani ananishangilia.

Halafu Krismasi asubuhi. Upepo unayapiga majani. Baba mdogo anakuja mbio na suti ya bendi, nguzo iko begani. Nadhani aliusikia upepo kwenye mabati ya kanisa akaukumbuka mkungu. Hakuwahi. Ulianguka akiutazama, na baada ya hapo kamera inaonyesha nyufa na majani tu. Lakini sauti inaendelea. Anasema kwa Kichagga, taratibu, "Kaka yangu, kaka yangu." Hakunitaja mimi wala gari.

Ndivyo tulivyomkuta na nguzo mkononi. Alinyamaza kwa sababu angejitetea angekutaja wewe, mkubwa wake, mbele ya ukoo na wageni. Nami nikamnyima nyama.

Baba, wewe ulijua?

Nitakuja Pasaka na sale, nimwombe radhi kwa mila yetu. Kioo cha Uingereza kimepatikana na kitakuwa kimeshafika. Nitashuka Kahe na gari lile lile, nimkalishe mbele, nimpandishe mpaka Mwika paa wazi, nimpitishe sokoni na mbele ya kanisa, wote waliomsema wamwone. Mwambie anisubiri.

Hosea


Mwika
4 Aprili 2025

Mwanangu,

Nilijua. Nilijua pale pale nilipoiona nguzo mkononi mwake. Ulipomfokea nilikutazama midomo, nikalielewa kila neno, siku hiyo sikuhitaji masikio. Nilingoja aseme, na moyoni nilijua hatasema. Nikajiambia nitakueleza jioni, jioni ikapita, nikasema kesho, kisha nikasema kwa barua, na barua zenyewe umezisoma. Usharika mzima nilishautangazia kwamba mwanangu analeta gari ambalo halijawahi kupanda mlima huu. Ningesemaje kwamba aliyelivunja ni mimi? Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kamera imeniumbua.

Jana Gladness alinipeleka Kahe. Nilimshika Elimringi mkono nikamwambia yote. Akajibu, na Gladness akaniandikia jibu kwenye kiganja chake: "Kwako sina neno, kaka. Ulikuwa na furaha." Nikamwambia unakuja Pasaka. Akauliza, "Kweli?" Hilo nilimsoma mwenyewe.

Sasa nisikilize. Sale halihitaji gari. Ni jani moja lililofungwa fundo, na tangu wazee wetu hakuna Mchagga aliyepelekewa akalikataa, hata awe amefiwa. Lakini huletwa likiwa bichi, na huletwa mapema. Njoo kwa basi. Jani nimeshalichagua, lipo pale mpakani kati yake na mimi. Nitalikata siku utakayofika.

Baba yako,
Aminieli


Tabata
24 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Gladness anasema umenuna na hutaki hata chai. Nisamehe. Kioo hakijafika, meli imechelewa.

Ndiyo, ningeweza kuja kwa basi. Ijumaa Kuu nilifika mpaka stendi na begi langu. Nikageuka. Nilimvunjia Baba mdogo heshima mbele ya watu, nataka nimrudishie mbele ya watu, siyo nikamwombe msamaha pembeni ya mfereji kama mwizi wa kuku. Nimeahidi gari, nitaleta gari. Antoni amenyoosha fremu, viti vimekauka, bado kioo tu. Haraka haraka haina baraka.

Mwambie avumilie kidogo.

Mwanao,
Hosea


Mwika
1 Juni 2025

Hosea,

Leo sina salamu.

Pasaka alfajiri bendi ilipiga makaburini kama kila mwaka, bila besi. Nilisimama kwenye kaburi la mama yako na sikusikia kitu.

Juzi Veronika alikuja. Anasema siku ile ya Pasaka baba yake aliamka mapema, akavaa suti ya bendi, akakaa kando ya barabara na begi lake. Jumapili iliyofuata akakaa tena. Nyingine tena, mpaka wajukuu wakaanza kumtania, "Babu, gari lako halijaja?" Sasa hakai. Amenunua jembe.

Nimekata sale, limekauka. Nimekata jingine, nalo limekauka. Mtu analia mbele yako, na wewe umesimama unatafuta kitambaa cha hariri cha kumfutia.

Aminieli


Tabata
2 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Kimefika, na safari hii ndicho chenyewe. Kesho nakuja nacho, nimekifunga kwenye magodoro mawili. Ijumaa Antoni anakibandika, Jumamosi gari halisogei mpaka gundi ishike, Jumapili baada ya ibada tunashuka Kahe, mimi na wewe. Gari lina viti viwili, lakini tutaona huko huko.

Kata sale, baba. Na tafuta kofia isiyopeperuka.

Hosea


Tabata
23 Novemba 2025

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana tangu Julai. Sijawahi kukuandikia maishani mwangu, na naona aibu kwamba ninaanza leo.

Siku ile ulilipokea sale kwa mikono miwili, ukasema yamekwisha. Baba alilia, wajukuu wako wakapiga vigelegele. Kisha baba akashuka akakuachia kiti chake, akasema yeye atarudi na bodaboda, nami nikakufungulia mlango. Ukalizunguka gari. Ukakifuta kioo kipya vumbi kwa mkono wa shati, ukasema, "Kizuri." Halafu ukasema ni zamu yako ya maji, ukachukua jembe, ukaenda shambani. Tulikusubiri mpaka jua likazama. Tuliporudi mimi na baba, njia nzima nilikuwa naitazama barabara kupitia kioo nilichokihangaikia nusu mwaka, nikakichukia.

Umenisamehe, nakuamini. Lakini kwa nini hukupanda?

Gari nimeliuza, lipo Arusha. Mwezi uliopita nilikuja Mwika kwa basi, nikafyeka kihamba chako. Migomba yako yote yenye mikungu nimeiegemeza, baba akinisimamia na kunikosoa. Ile ya mpakani nimeiwekea nguzo mbili mbili.

Krismasi nitakuja tena kwa basi. Nitaleta mbuzi, na fungu lako litakuwa la kwanza kukatwa, nitalishika mimi mwenyewe nikuletee mbele ya wote waliokuwepo mwaka jana. Njoo, Baba mdogo. Njoo tuhesabiwe pamoja.

Mwanao,
Hosea


Kahe
10 Desemba 2025

Mwanangu Hosea,

Marahaba. Kaka alikuwa karani, mimi nilikuwa na pumzi tu, kwa hiyo mwandiko wangu uuvumilie.

Nimekusamehe, usilale ukiwaza hilo. Na sikulipokea sale kwa kuwa mila inakataza kulikataa. Nililipokea kwa sababu niliona umelishika kama mtoto aliyebeba yai. Nyama ya mwaka jana ilishaoza, tusiendelee kuitafuna.

Lakini umeuliza, na mimi sitaki tena kunyamaza, kunyamaza kumetugharimu. Pasaka ningepanda. Ungekuja kwa basi ningepanda nawe basi, ungekuja kwa miguu ningeupandisha mlima ule kwa miguu, begi kichwani. Nilikaa barabarani, na kila gari jekundu lililotokea nilisimama nikajipangusa suti. Watoto walinicheka, na hawakukosea. Ulipofika Julai nilifurahi sana, lakini yule mzee aliyekuwa anakungoja alishachoka, akaenda kulima. Nilipokifuta kioo chako nilijiona ndani yake. Nikaona mtu wa Kahe.

Huku kuna joto na mbu kweli. Maji ni kwa zamu. Mtu akiiba zamu ya mwenzake wanatukanana hapo hapo kwenye mfereji, kesho yake wanasalimiana. Nimependa hivyo. Usharika wa huku una kijibendi ambacho hakina besi. Tarumbeta liko kabatini, ni langu, nililinunua kwa kahawa yangu mwenyewe. Mpe Gladness aniletee. Najua kaka litamuuma. Mwambie akitaka kunisikia ashuke, nitampigia yeye peke yake, naye aweke kiganja kwenye tarumbeta.

Asante kwa migomba. Ndizi zikikomaa kuleni, zisiharibike.

Machi, siku chache baada ya kufika hapa, nilipanda migomba mitatu nyuma ya nyumba ya Veronika. Mmoja umetoa mkungu. Bado mchanga, lakini shina limeshaanza kuinama, na pepo za Desemba huku hazina mlima wa kuzizuia. Nimeuwekea nguzo, na kila upepo ukianza natoka kwenda kuishika. Kwa hiyo fungu langu mpe kaka. Mwambie nimempa mimi, na mtamkie upande wa sikio la kushoto, ndilo lenye nafuu. Mwaka huu mkihesabiwa, msinisubiri.

Baba yako mdogo,
Elimringi